Matela ya memwari? Mbele ya kulipa, ipandishe kwenye balansi

Kama ulipita soko ya Virunga siku ya posho moja asubui, labda uliniona: mi njo ule mutu alikuwa anabembeleza mama wa maharagi amuachilie balansi (mizani yake) dakika mbili tu, na nyuma yake vijana wawili bamebeba matela ya plasi mbili iliyofungwa kamba. Batu balicheka mubaya. Kijana mumoja wa bido za mafuta akauliza kama siku hizi matela inauzishwa kwa kilo. Nikamujibu ndiyo, njo vile inapaswa kuuzishwa. Akacheka zaidi.

Sasa ngoja nieleze, juu kuna batu wananiandikia kila mara "ulinunua wapi, bei gani, iko nzuri?" na mi nachoka kujibu mumoja mumoja.

Miaka miwili mbele ya hiyo nilikuwa bado nalalia eponji ya kawaida, ile tulipewa siku ya ndoa, na mugongo ukaanza kunisumbua. Naamuka kama mutu aliyepigwa fimbo usiku, naketi kwenye kitanda dakika kumi natafuta namna ya kuinama nifunge kamba ya kiatu. Na kwenye telefone kila mahali banasifu matela ya memwari, memori fomu ya Wazungu, eti inashika umbo ya mwili, eti mugongo unapona. Nikaenda Birere na dola 150 kwenye soksi. Muuzishaji akaniambia: "Boss, hii ni teknoloji ya NASA, ba astronoti njo banalalaka hapa." Nikabonyeza na kidole kimoja, kidole kikazama, kikarudi pole pole, nikasema basi, niko nimefika. Sikuomba ata kufungua husi, ile nguo yenye kuifunika. Nikalipa, nikaita chukudu, nikarudi Kyeshero natembea nyuma ya matela yangu kama mutu anapeleka bibi-arusi.

Miezi mitatu ya kwanza, siwezi kudanganya, ilikuwa raha. Mwezi wa saba kila mutu alikuwa na shimo yake. Mi shimo upande wa dirisha, mke wangu shimo upande wa mulango, na katikati kukabakia kilima ambacho hakuna mutu anakilalia. Mke wangu akakipa jina Nyiragongo, kama ile volkano yetu. Usiku nikimuita ananijibu, "Papa Neema, mi sitapanda Nyiragongo na hii baridi, lala."

Mugongo nao ukawa mubaya kuliko zamani.

Mutu aliyenifungua macho ni papa mudogo, ndugu ya baba yangu, fundi wa mafotei kule Majengo. Yeye eponji anaikata tangu mi niko shule ya msingi. Siku moja akafika kutusalimia, akakuta tumetoa matela inje ipate hewa. Akaishika kona moja, akaiinua na mukono moja. Mukono moja! Matela ya metre 1.60 kwa 2! Akaniangalia. "Hii ulinunua ama ulipewa?" Nikamwambia bei. Akanyamaza kidogo, njo akaomba wembe.

Ndani mulikuwa hivi: juu kabisa karatasi ya eponji nyeupe, laini, yenye kurudi pole pole, hiyo ilikuwa memwari ya kweli, lakini unene wake ni sentimetre 2. Vidole viwili bandugu. Chini yake gundi, kisha sentimetre 18 ya eponji ya manjano nyepesi, ile banatiaka kwenye bakarto juu televizio isivunjike njiani. Tukaazima balansi kwa jirani yetu muganga, ile ya kupimia batu. Nikapanda nimekumbatia matela, nikapanda tena peke yangu, tukatoa: kilo 11. Papa mudogo akasema, "Mwanangu, ulilipa dola 150 juu ya upepo."

Kutoka siku ile mi nikaanza kusoma hii mambo, na yeye akaanza kunifundisha, na hapa chini nachanganya bya kwake na bya kwangu.

Kwanza tutoe hii hadisi ya ba astronoti. Ni kweli NASA, ile shirika ya anga ya Amerika, iko ndani, lakini haikuwa kitanda. Mwaka 1966 muinjinia mumoja, Charles Yost, alikuwa anafanya kazi ya mukataba kwa kituo cha NASA cha Ames, kule California, banatafuta kiti cha ndege chenye kulinda mutu wakati wa ajali. Akapata hiyi eponji yenye kuzama pole pole na kurudi pole pole, inakula nguvu ya mushindo kuliko kuirudisha kama resori. Iliingia kwenye matela za kuuzishwa nyuma sana, batu ba Sweden njo balianza kuitangaza kwa nguvu mu 1991 na jina Tempur. Donk muuzishaji akikuambia NASA, itika tu, kisha muulize dansite.

Dansite njo neno ya kushika kichwani. Maana yake: metre kibe moja (metre moja kila upande) ya ile eponji iko na kilo ngapi. Eponji ni plastiki na hewa. Plastiki ikiwa kidogo na hewa mingi, viukuta vya ndani vinachoka mbio, vinavunjika, njo shimo inakuja. Memwari ya chini ya kilo 40 kwa metre kibe, achana nayo. 50 ni nzuri, hapo unaweza kulala na amani miaka. 60 kwenda juu ni ngumu kuchoka lakini bei nayo inapanda, na kuna makampuni makubwa ya inje banafikia 80 na zaidi, hizo hapa Goma tutaziona kwenye telefone. Ile eponji ya chini, yenye kubeba kazi yote, yenyewe ni tofauti: 25 ni ya mutu mwepesi, 30 ni vizuri, na kama wewe na bwana yako mumejaliwa kilo, tafuta 35. Yangu ya manjano haikufika ata 17.

Na hapa Goma tuko na ugonjwa moja: tunabonyeza matela, tukikuta ngumu tunasema "hii iko nguvu, hii itadumu." Apana. Ugumu na dansite ni bitu mbili. Fabriki inaweza kutoa eponji ngumu kama mbao lakini nyepesi, ikuponde mugongo mwaka moja kisha ife. Na inaweza kutoa laini yenye kilo, ikae miaka 10. Kidole hakijue dansite. Balansi inajua.

Ona vile tunapiga hesabu, ni ya darasa ya sita tu, chukua telefone. Matela ya 160 kwa 200, unene 20. Upande wa juu ni 1.6 mara 2, inatoa 3.2. Kama banasema kuna sentimetre 5 ya memwari ya 50: 3.2 mara 0.05 ni 0.16, mara 50 ni kilo 8. Inabakia sentimetre 15 ya chini, dansite 30: 3.2 mara 0.15 ni 0.48, mara 30 ni kilo 14 na kitu. Jumla karibu 22 na nusu, ongeza husi karibu kilo 2, unapaswa kukuta 24 ao 25. Yangu ilikuwa 11. Nusu ya matela ilibakia kwa muuzishaji.

Ukimuambia muuzishaji hii hesabu usoni, kuna mambo mbili. Mumoja atakasirika, atasema wewe ni mukliya wa fujo, huyo muache. Mwengine atakusaidia kuibeba.

Lakini papa mudogo alinionya kitu, na ni kitu cha maana: balansi peke yake nayo inadanganyika. Batu biko na akili. Kuna matela zinatengenezwa na vipande, yaani mabaki ya eponji za kila rangi, banasaga, banatia gundi, banakandamiza, inatoka kitu kizito sana. Hiyo ukiipima itakupa kilo mingi na utafurahi bule. Haiko mubaya kwa kiti, ata kwa karatasi ya chini kabisa inakubalika, lakini si memwari, na haupaswi kulipa bei ya memwari. Kuna na bengine banatia unga ya chokaa ndani ya eponji wakati wa kuipika juu ipate kilo. Hiyo unaisikia: sugua kipande kati ya vidole, inaacha vumbi, na ukiivuta inakatika kama mukate wa jana.

Njo maana husi lazima ifunguke. Zipu. Matela yenye kushonwa pande zote bila zipu, mi siku hizi siulize ata bei. Fungua, angalia rangi moja ao rangi kumi, hesabu karatasi ngapi, weka metre kwenye ile ya juu. Ikiwa chini ya sentimetre 5, iko tu ya kupendeza kidole. Mi kidole changu kilipenda sentimetre 2, munajua vile iliisha.

Jaribio ya mukono usiitupe, lakini uifanye vizuri. Weka kiganja chote, egemea na uzito, hesabu mpaka 10, toa. Eponji ya kawaida inaruka pale pale. Memwari inaacha alama ya mukono wako, na alama inajaa pole pole, sekunde 3, 5, zaidi kidogo. Shida ni kwamba sisi Goma tuko juu, karibu metre 1,500, na asubui baridi inatoka kwa ziwa, na memwari inasikia baridi sawa mutu. Ikiwa baridi inakuwa ngumu, ikipata joto ya mwili inalainika. Donk ukiijaribu saa mbili ya asubui kwenye depo ya simenti utasema hii ni jiwe, ukiijaribu saa saba na jua kwenye bati utasema hii ni siagi, na ni matela moja. Lala juu yake. Toa viatu, lala dakika kumi na tano, mwili uipashe joto. Najua haya inashika, batu banapita, muuzishaji anakuangalia kama umekufa. Mi nililala pale na nikafunga macho. Lala na upande, kama njo vile unalalaka, sikia kama bega na kiuno vinaingia kidogo na uti wa mugongo unabakia mustari moja. Kisha lala chali, pitisha mukono chini ya kiuno: ukipita mbio mbio kuna nafasi, iko ngumu sana kwako. Mukono ukigoma kabisa, umezama sana. Mwenye kulala na tumbo, huyo memwari nene si ya kwake, itamukunja mugongo kama ndizi. Na uje na mwenye mutalala naye! Kilo 55 na kilo 90 habasikie matela moja.

Ndugu yangu wa Uvira alinunua sawa ya kwangu na analia joto, anasema anaamuka amelowa. Ni kweli, memwari inashika joto, na Uvira si Goma. Kwa batu ba joto, ao ba Lubumbashi mwezi wa kumi, mi ningesema sentimetre 5 ya memwari inatosha, musitafute 10, na husi ya pamba. Ile jeli ya bleu banasifu inapoza dakika za kwanza, kisha nayo inapata joto yako kama bitu byote.

Zile zenye kukunjwa kama chapati ndani ya plastiki, zenye kuvuka mupaka wa Rwanda kupitia Petite Barrière, ziko na faida moja kubwa, motari mumoja anaibeba. Hasara: haupimi ugumu mbele ya kulipa, na haujue imekaa imekazwa miezi ngapi kwenye depo, na ikikaa sana haitarudi unene wake wote. Ukiifungua uipe siku mbili ata tatu, na baridi yetu inachelewa. Weka metre kwenye kona zote ine na katikati. Kama banasema 25 na siku ya tatu iko 21, chukua picha, rudi na fakitire. Kama haukupewa fakitire, hiyo picha ni ya kuonesha bandugu.

Harufu ya siku za kwanza isikutishe, ni dawa za fabriki zinatoka, fungua madirisha, lala kwengine usiku mbili tatu. Lakini harufu ya kukuwasha macho nyuma ya wiki mbili, apana, hiyo rudisha. Ukikuta etiketi ya OEKO-TEX ao CertiPUR, zile zenye kusema eponji ilipimwa dawa mubaya, usiamini mbio: ya OEKO-TEX iko na namba, ingiza ile namba kwenye site yao, ya CertiPUR tafuta jina ya kampuni kwenye site yao, uangalie kama ni ya kweli juu etiketi kuichapisha ni rahisi.

Kitanda nacho. Hapa nilikuwa na kosa yangu mwenyewe, siwezi kutupa yote kwa muuzishaji. Fundi wa mbao alinitengenezea kitanda na mbao za chini zenye kuachana sentimetre 15, na eponji inaingia katikati kama tumbo kwenye mukaba. Zinapaswa kuachana 6 ao 7, si zaidi. Nikaongeza mbao tano, dola 8 na misumari. Kama unatia kontreplake, itoboe matundu, na kama unalaza matela chini kwenye simenti, haya, iinulie kila asubui, juu na mvua zetu kuvu inaota chini na utaijua tu siku unahama.

Batoto bachanga habalale kwenye memwari. Mutoto akigeuza uso kwenye kitu laini chenye kuzama anaweza kukosa pumzi, yeye apate matela yake, ngumu na sawasawa. Bakubwa benye kukojoa kitandani, nunua alezi ya plastiki (kifuniko chenye kuzuia maji) siku ile ile, juu memwari ikishakunywa haitapike. Usiifue, usiipige fimbo, na ile mazoea yetu ya kuitandika juu ya ukuta wa mawe ya volkano jua la saa sita, wacha: jua linaifanya manjano na inaanza kumung'unyuka. Kivuli na upepo inatosha. Na babula ya makala mu chumba, ama mushumaa kwenye meza karibu na kitanda wakati umeme imekatika, hapo sicheki. Hii eponji inashika moto mbio na moshi yake ni sumu.

Bon, turudi kwa soko.

Safari ya pili nilienda na papa mudogo, na metre, na ile hesabu kwenye karatasi. Tulizunguka magazini ine. Ya kwanza balikataa zipu. Ya pili ilikuwa vipande, bleu na pinki na kijani, nzuri kwa macho. Ya tatu muuzishaji aliuliza kama tumetumwa na kampuni ingine kumupeleleza. Ya ine, kijana mumoja mupole, bei ya kuanza dola 310, unene 25, anasema 5 ya juu ni memwari ya 50 na chini ni 30. Tukafungua, tukapima, nikalala, papa mudogo akakata na ruhusa kipande kidogo kama ukucha kwenye kona ya chini, akakinusa, akakivuta, akakitia mufukoni. Hakusema kitu. Hesabu yangu ilikuwa inanipa 27 bila husi. Nikamuomba yule kijana twende kwa balansi, akaniangalia, akafunga kamba mwenyewe.

Mama wa maharagi alikataa mara ya kwanza. "Balansi yangu ni ya chakula." Nikamwambia tutatandika mufuko chini. Akaruhusu. Sindano ikayumba, ikasimama: kilo 28 na nusu, na husi yake. Yule kijana wa magazini akapiga makofi kuliko mi. Tukapatana 275, na fakitire yenye kuandikwa dansite zote mbili na mukono wake, na garanti ya miaka mitatu, ambayo tutaona.

Chukudu ikatubeba mpaka kwenye mulango, mvua ikatukosa kidogo tu. Sasa ni mwezi wa kumi na nane. Nimeweka metre jana juu ya hii andiko: katikati 25, upande wangu 24 na nusu. Mugongo siwezi kusema umepona, kuna na kiti cha kazi ndani yake, lakini kamba ya kiatu nafunga. Nyiragongo imebakia kwenye nafasi yake kule kaskazini.

Matela ya zamani papa mudogo alikuja kuichukua akate mito ya kiti, kisha akairudisha. Anasema kliya wake atamupiga.

Na mama wa maharagi, mukienda pale, mujue: tangu nimemutumia batu ine na matela zao, ameanza kuomba franga 500 kwa kila moja. Musimuambie nimewatuma mi, atapandisha.